Ork 20 kwa boksi ya viatu: kurudi kwa gemu ya majeshi madogo baada ya miaka mingi

Kuna boksi ya viatu ilikaa chini ya kitanda kwa mathe hapa Kisumu tangu 2012, na ndani yake kulikuwa na wanasesere wa gemu inaitwa Warhammer 40,000: Ork 20 wa plastiki, yale majitu ya kijani, Space Marines kumi, wale askari wa anga, watano wale wanene wa kuvaa chuma nzito wanaitwa Terminators, na roboti moja imevunjika mkono. Binamu yangu ndo aliniletea hiyo seti 2009 akitoka Uingereza, tukaicheza watu watatu kila Jumapili mpaka kitabu cha sheria kikabadilishwa, mmoja wetu akapata kazi Mombasa, mimi nami nikaingia kwa mambo ya kutafuta unga, na hivo ndivyo ilivyoisha. Mwaka jana nikaifungua tena. Swali la kwanza ni lile kila mtu anayerudi anajiuliza: hizi vitu bado zinachezeka ama nimekuwa nikitunza takataka miaka yote hii?

Zinachezeka, karibu zote. Lakini ilinichukua kama wiki tatu za kuchanganyikiwa kabla nijue hivo, na karibu nitumie pesa mbaya, kwa hivyo wacha nieleze venye nilikuja kuelewa.

Kwa wale hawajawahi iona hii gemu, kwa ufupi: ni vita ya mezani. Kila mtu ana jeshi la wanasesere wenye urefu wa karibu kidole gumba, wanakuja vipande vipande unaunganisha na gundi, unapaka rangi wewe mwenyewe, alafu mnakutana mezani na tepu ya kupima inchi na dadu. Si kama ajua ama drafti penye kuna vishimo ama miraba. Hapa askari wangu anatembea inchi sita, popote pale, na kama bunduki yake inafika inchi 24 tunapima, ikifika tunarusha dadu. Kampuni kubwa ya hii biashara ni Games Workshop ya Nottingham, ilianza 1975 London, na gemu yao inayojulikana zaidi ni Warhammer 40,000 iliyotoka 1987. Si vitu vya watoto tena hao watu, Desemba 2024 kampuni iliingia FTSE 100, yaani zile kampuni 100 kubwa kabisa za soko la hisa la London. Kwa wanasesere!

Sasa, penye watu wanapotea ni hapa. Mtu akikwambia "gemu imebadilika sana siku hizi" anaweza kuwa anaongea juu ya vitu vitatu tofauti, na vyote vitatu vinazeeka kwa mwendo wake. Kuna sheria, ambazo zinazeeka haraka kama maziwa. Kuna modeli, ambazo zinazeeka pole pole kama sufuria. Alafu kuna mkono wako, venye ulijifunza kushika brashi, na hiyo haizeeki, inashika kutu tu kidogo. Mimi nilikuwa naweka zote kwa gunia moja, naona sheria mpya nadhani sasa nahitaji modeli mpya, naona modeli mpya nadhani zangu zimekatazwa. Ziweke kando kando na kichwa kitatulia.

Tuanze na sheria kwa sababu huko ndiko kuna fujo. Mimi niliacha 2012 wakati edisheni ya sita ilikuwa inatoka. Ya saba ikatoka 2014, ya nane 2017, ya tisa 2020, ya kumi 2023. Ukiangalia hizo za mwisho utaona wameshika mdundo wa miaka mitatu mitatu, kwa hivyo kabla hujanunua kitabu kizito cha sheria cha jalada gumu hesabu kwanza kwa vidole uko mwaka wa ngapi wa hiyo mitatu. Na hata hivyo sheria za msingi za edisheni ya kumi waliziweka bure mtandaoni, unashusha kwa simu, kwa hivyo sioni haraka ya nini.

Kati ya hizo zote, ile iliyovunja nyumba na kujenga upya ni ya nane, ya 2017. Kama uliacha baada ya hapo basi wewe ni kujikumbusha tu. Kama uliacha kabla, kama mimi, kuna vitu viwili lazima uvisahau kabisa kwanza.

Cha kwanza ni venye silaha inapigana na ngao. Zamani kila bunduki ilikuwa na namba ya kutoboa na kila askari namba ya ngao, na ilikuwa ni yote ama hakuna: namba ya bunduki ikiwa sawa na ya ngao ama chini yake, ngao inakuwa kama haipo, ikiwa juu hata kwa moja tu, ngao inabaki nzima. Siku hizi silaha inakata ngao kidogo kidogo. Space Marine ana ngao ya 3+, yaani dadu ikionyesha tatu kwenda juu anapona. Akipigwa na kitu cha kutoboa moja sasa anahitaji nne, kitu cha kutoboa mbili anahitaji tano. Ni hayo tu, lakini inabadilisha kila hesabu ulikuwa umekariri.

Wacha nikuonyeshe na hawa wangu wa boksi, ndo uone. Chukua Space Marines kumi, wako karibu na kundi la Ork, wanapiga risasi 20. Zamani na sasa wanahitaji 3+ kupata shabaha, kwa hivyo kwa wastani risasi 13 zinafika. Mwaka 2009 nguvu ya risasi ilikuwa nne na ugumu wa Ork ulikuwa nne, mkilingana unahitaji 4+ kumjeruhi, nusu, kwa hivyo majeraha sita ama saba. Na ngao ya Ork ilikuwa ya 6+ ambayo ile bunduki ilikuwa inaipitia kama karatasi. Ork sita ama saba chini, hata hawawezi kujitetea. Sasa edisheni ya kumi: risasi ni zile 20, zinazofika ni zile 13, lakini Ork ameongezwa ugumu ukawa tano, kwa hivyo risasi ya nguvu nne inamjeruhi kwa 5+ pekee, theluthi moja, tunabaki na nne na kitu. Alafu ngao yake sasa ni 5+ na hii bunduki ya kawaida haikati kitu, kwa hivyo anaokoa theluthi moja ya hizo. Tukiweka kando bonasi zingine zote, Ork watatu wanakufa. Watatu! Mwanasesere ni yule yule, rangi ni ile ile niliyompaka nikiwa form three, lakini ni mgumu mara mbili.

Na upande wa pili pia. Space Marine wa kawaida alikuwa na uhai mmoja, ukimjeruhi mara moja anaondoka mezani. Kuanzia Oktoba 2020 ana uhai wa mbili. Wale Terminators wangu walikuwa na mmoja na sasa wana tatu. Ndo maana nikasema sheria na modeli ni vitu tofauti: hakuna chochote kiliguswa ndani ya ile boksi ya viatu na bado jeshi lote lilipata mwili mpya.

Cha pili cha kusahau ni magari. Enzi zetu tanki lilikuwa na namba ya mbele, ya ubavuni na ya nyuma, kumi mpaka 14, na kazi kubwa ya mchezo ilikuwa kuzunguka ufike nyuma, tena ukipiga mara moja poa linalipuka zamu ya kwanza na mwenyewe ananyamaza tu. Hiyo iliisha 2017. Tanki sasa ni kama askari mkubwa, lina ugumu na lina uhai mwingi, na silaha yoyote inaweza kulikwaruza ukipata sita. Wazee wengi hawapendi, wanasema kupanga gari kumekuwa hakuna maana kwa sababu mbele na nyuma ni sawa, na kusema kweli wako na pointi. Lakini sikosi zile dakika kumi za kubishana kama bunduki yangu inaona ubavu ama inaona mbele. Zile sahani za plastiki za kuweka juu ya vichwa vya askari kuhesabu bomu limewapata wangapi pia zilienda wakati huo huo, sasa unarusha dadu kujua bomu lina mapigo mangapi. Kama bado unazo, weka vikombe juu yake.

Mengine ni madogo, utayashika ukicheza mara mbili. Awamu ya uchawi wa akili iliondolewa 2023, uchawi sasa ni silaha kama zingine. Kushinda ni kwa kukalia sehemu zilizowekwa alama mezani na kila askari ana namba ya venye anahesabika akisimama hapo, si kuua tu. Pointi za jeshi, yaani kila kikosi kina bei yake ya pointi ndo majeshi yalingane, zinarekebishwa mara kadhaa kwa mwaka kwa hivyo usiamini namba iliyochapishwa kwa kitabu, angalia orodha ya bure mtandaoni. Jeshi la kawaida la mashindano ni pointi 2,000. Ile boksi yangu yote haifiki huko, na sijali.

Kuna mtego mmoja tu hapo. Utasikia kuna njia ndogo ya kucheza inaitwa Combat Patrol, ya haraka, meza ndogo, hakuna kuhesabu pointi, na utafikiri hiyo ndo ya mtu aliyerudi na askari wachache. Lakini hiyo inafuata boksi maalum zinazouzwa sasa, orodha yake haibadilishwi, kwa hivyo askari wako wa 2009 hawaingii hivi hivi. Mimi nilikuwa tayari nimeshapigia mtu anayerudi kutoka London aniwekee moja kwa begi, nikashtukia usiku wa mwisho.

Sasa modeli. Hapa nina habari njema nyingi. Plastiki haiozi. Kitu kilichobadilika ni ukubwa: 2017 wakaleta Space Marines wapya wanaitwa Primaris, warefu zaidi, na ukiwasimamisha kando ya wale wetu wanaonekana kama kaka mkubwa amekuja siku ya wazazi. Wale wadogo hawajakatazwa. Modeli ambazo haziuzwi tena kabisa nyingi zinapewa sheria za bure chini ya jina Legends, kwa nyumbani unacheza bila shida, kwa mashindano ndo huwa wanakataa.

Kilichonisumbua mimi ni vile vitako, vile visahani vya duara askari amesimama juu yake. Seti yetu ilikuja na vya milimita 25, siku hizi Space Marine na Ork wa kawaida wote wako kwa 32. Vinauzwa, lakini kuagiza vitako 30 vya plastiki kutoka ng'ambo na ushuru juu ni wazimu. Siku moja niko kwa kinyozi pale Kondele, wazee wanacheza drafti nje na vifuniko vya soda, nikachukua kimoja nikakipima na rula ya kinyozi. Milimita 32. Nilirudi nyumbani na mfuko mzima. Unakigeuza uso juu, unapiga zile meno zake na nyundo polepole zilale ndani kisiwe kirefu sana, unamng'oa askari kwa kitako cha zamani na kisu, unambandika na supa glu, alafu unapaka gundi nyeupe ya mbao juu na kumwaga mchanga. Mchanga nilitoa Dunga, kando ya ziwa, nikauchuja na chujio ya chai ya nyumba (usiige hii sehemu, nunua chujio yako), na kosa langu lilikuwa kutouosha. Jeshi langu lote lilinuka omena kwa mwezi mmoja. Mwenye kinyozi alipoona kazi imeisha aliniuliza tu, "Omera, sasa hii ukishinda unapewa nini?" Sikuwa na jibu.

Kama zako zilikuwa za upande wa Warhammer Fantasy, gemu ingine ya kampuni hiyo, wale wa mapanga na farasi, basi hadithi yako ni ndefu kidogo na ya uchungu. Gemu hiyo ilikuwa ya 1983 na ni mkubwa wa Warhammer 40,000 kwa umri. Kampuni ikaiua 2015, na si kuiacha tu, waliandika stori ya dunia yote kuharibika, alafu wakaleta Age of Sigmar, vitako vya duara, sheria za kurasa nne bila hata pointi. Kuna mtu hata alichoma jeshi lake kwa hasira. Pointi zikaja mwaka uliofuata na Age of Sigmar ikasimama vizuri, edisheni ya nne ilitoka 2024. Na Januari 2024 hiyo hiyo kampuni ikarudisha ile dunia ya zamani kama gemu ingine, The Old World, na vitako vya mraba na safu za askari kama kawa. Kwa hivyo kama ulikuwa na vitako vya mraba na ukavikata 2016 ili uende na wakati, pole sana. Somo la hiyo kila mtu ajitolee mwenyewe, mimi nasema tu usikate kitu haraka.

Rangi ndo sehemu mimi napenda kuongea. Chupa za zamani nyingi utapata zimekauka ziwe jiwe, hizo tupa, ila ile ambayo bado ni nzito kama uji wa wimbi inaamka na matone machache ya maji na kutikisa sana. Kitu kipya utakachosikia kila mahali ni Contrast, ilitoka 2019, rangi nyepesi unapaka mara moja juu ya praima nyeupe, yaani rangi ya kwanza ya chini, inakimbilia kwa mikunjo na kuacha sehemu za juu zikiwa angavu, kivuli na mwanga vinajitengeneza pamoja. Kwa mtu ana Ork 20 na watoto wawili, hiyo ni ukombozi. Lakini ni bei. Mimi ngozi za Ork nilitumia akriliki ya kawaida ya duka la vitabu, ile ya wanafunzi, na inafanya kazi, bora uiyeyushe na maji na upake mara tatu nyembamba badala ya mara moja nene, kwa sababu chembe zake si laini na ukipaka nene uso wa Ork unapotea kabisa.

Video nyingi za kufundisha zinatengenezwa na watu wa nchi baridi, na hapa kwetu saa nane mchana rangi inakauka kwa brashi kabla hujafika kwa jicho. Dawa yake ni paleti yenye unyevu: kopo bapa la plastiki lenye kifuniko, tishu kadhaa zimelowa maji chini, karatasi ya kuokea keki juu, na rangi unaweka juu ya hiyo karatasi. Inakaa mbichi hata siku mbili. Na sprei ni shida ingine, jua kali likizidi rangi inakauka hewani kabla ifike, inatua kama vumbi, na mvua ikiwa karibu vanishi isiyo na mng'ao inageuka nyeupe. Mimi Terminators wote watano niliwapulizia vanishi jioni moja ya Aprili mawingu yameshika huko ziwani, asubuhi nikawapata kama wameanguka kwa unga. Nilikaa nao wiki nzima nikidhani nimewapoteza, mpaka nikapaka vanishi ya kung'aa na brashi juu na ule weupe mwingi ukaenda.

Na kama unataka kutoa rangi ya zamani uanze upya, tumia spiriti ya duka la dawa, loweka, sugua na mswaki. Glavu vaa. Usitumie thina. Naandika tena: usitumie thina. Ork walikuwa 20, sasa ni 18, wale wawili walikuwa kitu kama ugali wa muhogo nilipofungua kopo.

Sasa utacheza na nani na kwa sheria gani? Hii ndo nilifikiria zaidi, kwa sababu hapa Kisumu hakuna mtu atakulazimisha ufuate edisheni ya nani. Sisi sahi tunacheza Grimdark Future, gemu ingine ya watu wanaitwa OnePageRules, sheria ni kurasa chache, za msingi ni bure, na haijali modeli ni ya kampuni gani. Askari ana namba mbili kubwa tu, ubora wake na ulinzi wake. Unarusha kupata shabaha, mwenzako anarusha kujilinda, imeisha, ile hatua ya katikati ya kujeruhi haipo. Raundi nne. Na kubwa zaidi ni kupokezana: mimi nasogeza kikosi kimoja, wewe kimoja. Kwa 40,000 mtu anasogeza na kupiga na jeshi lake lote wakati wewe umekaa unatazama, unaweza chemsha chai urudi upate bado anapima. Kwa mtu anayerudi, hasa mwenye boksi moja na rafiki mmoja, mimi ningeanza hapo na 40,000 ifuate baadaye ukipata hamu, ingawa najua kuna watu wataniambia nimepotosha vijana.

Kuchapisha na printa ya 3D ndo kitu kipya kabisa ambacho sisi hatukuwa nacho wakati wetu. Ziko za aina mbili, ya waya wa plastiki ambayo inaacha mistari mistari na inafaa nyumba na kuta, na ya rezini ambayo inatoa uso wa askari mpaka meno. Rezini mbichi ni sumu kwa ngozi, inataka glavu, dirisha wazi, kuoshwa na kukaushwa kwa mwanga maalum, si kitu cha kuweka jikoni. Jamaa yangu ana ya waya, alinichapishia mkono wa ile roboti bila kunilipisha. Mara ya kwanza stima ilipotea ikiwa kwa kiwiko. Mara ya pili ikafika kwa mkono ikapotea tena. Ya tatu alianza saa tano usiku, na asubuhi nikapata picha ya ngumi nzima kwa simu.

Meza pia ilipungua. Zamani tulihitaji futi sita kwa nne, siku hizi pointi 2,000 zinachezwa kwa inchi 60 kwa 44, na gemu ndogo inaingia kwa inchi 44 kwa 30, hiyo ni meza ya kulia chakula ya nyumba nyingi. Milima yetu ni ile foam nyeupe inayokuja na TV, imekatwa na kisu cha moto na kupakwa rangi ya kijivu ya hardware. Ya maji, siyo ya mafuta, ya mafuta inakula foam.

Jumamosi iliyopita tulicheza tatu, ile roboti iko na mkono wake mpya wa rangi ya chungwa kwa sababu hiyo ndo waya ilikuwa imebaki. Iliuawa raundi ya pili na Ork wa kizibo cha Fanta.